Jina Aliloahidiwa Shangazi

Mueni alijua mumewe anaumia tangu walipoanza kupanda ngazi za jengo la shangazi, kule Märsta, nchini Sweden. Sixte alikuwa mtu wa kuruka ngazi mbili mbili, mtu aliyeshinda siku nzima akipakia mizigo uwanja wa ndege na jioni bado akataka kucheza muziki jikoni. Jumapili hiyo alipanda polepole, mkono haubanduki kwenye kishikio, na kila walipofika kwenye kona alisimama akajifanya anatazama dirishani. Nje hakukuwa na cha kutazama ila theluji ya mwezi wa tatu, chafu, iliyokuwa ikiyeyuka na kuwa matope.

"Umechoka?" Mueni alimuuliza.

"Hapana. Natazama ndege."

Hakuna ndege iliyopita. Mueni alisimama naye akatazama pia. Tangu lile jambo liingie nyumbani mwao walikuwa wamezoea kusameheana uongo mdogo mdogo kama huo, na mara nyingine Mueni alihisi kwamba huo ndio uliokuwa umeishikilia ndoa.

Lile jambo lenyewe lilianza kitambo, katika kambi ya wakimbizi huko Kigoma, Sixte akiwa kijana anayebalehe. Matumbwitumbwi yalipita kambini, yakamvimbisha mashavu, yakashuka chini, yakaondoka. Akapona, akasahau. Akaja Sweden, akakutana na Mueni katika darasa la Kiswidi, akampa glavu zake siku binti huyo wa Machakos alipofika akitetemeka na viganja vitupu, na mwaka uliofuata akampa pete. Miaka mitano ya ndoa ilipita ndipo daktari mmoja mpole akawaeleza, akitumia kalamu na mchoro, kwamba Mueni hana kasoro yoyote, na kwamba katika maji ya uzazi ya Sixte hamna mbegu hata moja.

Msimu wa majani kupukutika walijaribu mara ya kwanza. Sindano iliingizwa kwenye korodani kutafuta mbegu ambazo zingechukuliwa, moja ichomwe ndani ya yai la Mueni. Sindano ilitoka bila kitu. Sasa zilibaki njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kisu hasa, upasuaji mkubwa zaidi unaofanywa chini ya darubini, wenye matumaini madogo. Daktari hakuwaficha kwamba unaweza kumwachia Sixte upungufu wa homoni, akaishi kwa kudungwa sindano. Ya pili ilikuwa mbegu za mtu mwingine. Hiyo haikuhitaji kisu, ila wachangiaji weusi walikuwa wachache, hivyo huenda wangesubiri sana au wampate mtoto mweupe kuliko wao wote wawili.

Mueni alichagua kisu. Tuseme kweli, alichagua yeye. Sixte aliitikia tu kwa kichwa, na siku ikapangwa, Jumatano, siku tatu baada ya Jumapili hiyo. Kama Mueni angemtazama vizuri machoni siku ile angeona kitu, lakini alikuwa amekwisha kuinamia kalenda.

Shangazi Concessa aliwafungulia mlango kabla hawajagonga. Alikuwa dada wa marehemu baba yake Sixte, na katika ukoo mzima ndiye peke yake aliyebaki wa kumwita Sixte mtoto. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuamrisha kwaya, na kweli ndiye aliyeiamrisha kwaya ya akina mama wa Burundi parokiani kwao. Alimkumbatia Mueni kwa muda mrefu. Alimpenda Mueni, na Mueni alilijua hilo, na ndilo lililofanya mambo yawe magumu.

Mezani kulikuwa na ugali wa muhogo, maharage yaliyokaangwa kwa mawese na ndagala, dagaa wa kwao waliokaushwa, ambao shangazi aliwapata kwa mtu anayewapata kwa mtu. Alimjazia Sixte sahani mpaka ikawa aibu.

"Kula, mwana wanje, mwanangu," alisema. "Jumatano utahitaji damu."

Kisha akaanza kueleza, huku akijimegea tonge, jinsi alivyowaambia akina mama wa kwaya wafunge siku hiyo na kusali. Hakuwaambia ni ugonjwa gani, alijua kuficha ya ndani. Aliwaambia tu kwamba marehemu kaka yake yuko njiani kurudi. Akina mama walimshangaa, maana kwao Burundi mtu akishakwenda amekwenda, lakini yeye aliwajibu kwamba Wakamba wana dawa ya jambo hilo, na mkwe wake Mkamba ndiye aliyemfundisha.

"Nimekuwa mtu mzima, Mueni," alisema, na sauti yake ya kwaya ikapungua. "Nilikuwa nimekubali kwamba sitamwona tena. Weye ndiye uliyeniambia atarudi. Sasa nikilala namwona anatambaa kwenye zulia hili."

Ni kweli Mueni alimwambia. Mwaka wa kwanza wa ndoa, katika chumba hicho hicho, alimwambia bibi huyo kwamba kwao Ukambani mtoto wa kwanza wa kiume huitwa babu yake mzaa baba, na kwamba atakapomzaa atamwita Misigaro, kama marehemu. Concessa alilia siku ile mpaka akashindwa kusimama. Tangu hapo hawakusema tena mtoto. Walisema Misigaro. Misigaro akija tutahitaji chumba kikubwa. Misigaro atapenda theluji. Na Mueni alikuwa amemwona kabisa: mvulana mweusi tii, mwenye mwanya kama wa Sixte, ule mwanya uliomkosesha masomo darasani kila kijana yule alipocheka.

Shangazi akasema pia kwamba ile njia nyingine, ya mtu asiye na sura wala kabila, asiisikie ikitajwa tena mezani pake. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesogeza chombo kilichokaa vibaya.

Kijiko kilimponyoka Sixte kikaanguka sakafuni, akainama kukiokota, na alipokuwa akiinuka Mueni aliuona uso wake. Ulikuwa umegeuka rangi. Jasho lilimtoka juu ya mdomo, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeikamata meza mpaka vifundo vya vidole vikakakamaa. Miezi mitano ilikuwa imepita tangu ile sindano. Alikuwa amemwambia mkewe kwamba maumivu yaliisha wiki ile ile.

Akakiweka kijiko mezani. Akamshukuru shangazi kwa chakula, akasema anahitaji hewa, akavaa koti na kutoka.

"Mwache," Concessa alisema. "Mwanaume yeyote anaogopa kisu. Atatulia."

Lakini Mueni alikuwa amekwisha kusimama.

Alimpata stesheni. Märsta ndiyo mwisho wa reli, na treni husubiri pale ikiwa tupu, milango wazi, taa zimewaka, kabla ya kurudi mjini. Sixte alikuwa ameketi katika behewa la mwisho, karibu na dirisha, mikono ndani ya mifuko. Mueni akaketi kumkabili. Magoti yao yaligusana na hakuna aliyeyaondoa yake.

"Nitaenda Jumatano," Sixte alisema. "Usiogope. Nimesema nitaenda, nitaenda."

"Bado unaumwa."

"Kidogo."

"Sixte, aki nimekuona. Si kidogo."

Sixte akatazama nje. Mueni alimjua mume wake. Hakuwa mtu wa kugombana. Hasira yake ilikuwa kunyamaza, na kunyamaza kwake kulimtisha Mueni kuliko kelele za kaka zake wote kule Machakos. Akangoja. Mwishowe Sixte akamgeukia, na macho yake hayakuwa na hasira yoyote. Yalikuwa na kitu kibaya zaidi, upole wa mtu aliyechoka.

"Nikuulize kitu," alisema. "Unamtafuta nani?"

"Nani tena? Mtoto."

"Mtoto tungempata kwa ile njia nyingine. Daktari amesema weye huna tatizo. Weye unamtafuta mtu fulani, Mueni. Ndiyo nauliza, nani?"

Mueni alitaka kukasirika, kisha akaona hana haki hiyo.

"Baba yako," alisema. "Siku uliponionyesha picha yake ulilia, na hujalia tena mbele yangu tangu siku hiyo. Nikala kiapo moyoni kwamba nitakurudishia. Kwetu ndivyo mtu anavyorudi. Unazaa kijana, unampa jina la babake mume wako, na mzee amerudi nyumbani. Sasa nikizaa mtoto wa mtu mwingine, jina hilo nitampaje? Nitakuwa nimekunyima."

Mlango wa behewa ukajifunga wenyewe na kufunguka tena.

"Kwetu hatufanyi hivyo," Sixte alisema.

"Hamfanyi nini?"

"Hatumpi mtoto jina la marehemu. Kila mtoto ana lake, jipya, linalotoka kinywani mwa baba yake siku anapotolewa nje mara ya kwanza. Hukuona kwamba miye na ndugu zangu hatukuwa na jina moja?"

Aliona. Alikuwa ameona kwenye vyeti vya zamani kwamba kila ndugu ana jina lake, akadhani ni makosa ya makarani wa kambini, akaona vibaya kumkumbusha mumewe mambo ya huko. Hakuuliza. Miaka mitano na zaidi amelala kifuani kwa mtu huyu na hakuwahi kumuuliza jina lake lilitoka wapi.

"Na Misigaro," Sixte aliendelea, "unajua ni nini?"

"Uliniambia ni jina la kizamani."

"Ni masalio. Nyanya yangu alizika watoto, mmoja baada ya mwingine. Baba alipozaliwa akakataa kufa, wakamwita hivyo, aliyesalia. Baba hakulipenda jina lake. Alisema kila akiitwa anaonyeshwa makaburi ya kaka zake. Miye aliponipa jina langu la kwetu alichagua la furaha, makusudi, ili mambo hayo yaishie kwake."

Mueni alijifunika mdomo. Alikuwa amelitamka jina lile jikoni, kitandani, kwenye simu na mama yake, akilitamka kwa mahaba, na kila mara mwanaume huyu alikuwa akitabasamu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha ukilitaja. Nikajua ni kitu cha kwenu, kitu kikubwa, na miye nimekunyima mengi. Nikasema, hili angalau nimpe. Siku ile nilipolala pale wanichome sindano nilijikaza nikasema, ni kwa ajili ya Mueni."

"Na mimi niliketi nje pale kwenye kiti," Mueni alisema, "nikasema, ni kwa ajili ya Sixte."

Walitazamana. Kicheko kilitaka kuwatoka, kikashindwa, na Mueni akaanza kulia. Alilia kwa uchungu wa kweli, maana licha ya yote alimtaka yule mvulana mwenye mwanya. Alimtaka bado. Hapakuwa na maelezo yoyote ya desturi ya Burundi ambayo yangemwondolea hamu hiyo papo hapo ndani ya treni. Sixte alivua glavu, akampangusa mashavu kwa kiganja, taratibu, shavu moja kisha jingine.

"Wewe unataka nini?" Mueni alimuuliza alipoweza kusema. Na swali lilipokwisha kutoka alitambua kwa aibu kwamba ndiyo mara ya kwanza analiuliza.

Sixte hakuhitaji kufikiri. Ilionekana alikuwa na jibu hilo mfukoni kwa muda mrefu.

"Nataka kumpa mtoto jina," alisema. "Basi. Kwetu hiyo ndiyo kazi ya baba. Mama anazaa, baba anatoa jina, na mtoto anakuwa wa nyumba ile. Nilikwenda kwa mama mmoja mshauri wa hospitali peke yangu, siku uliyokuwa kazini. Akaniambia sheria ya hapa, kwamba mtoto akikua ana haki ya kumjua aliyetoa mbegu. Akauliza kama nitaweza kumwambia mtoto. Nikamjibu nitamwambia mwenyewe, kabla hajaanza shule, na jina lake nitamweleza nililitoa wapi. Sioni haya, Mueni. Nililia yangu yakaisha, kule kazini, katika chumba cha kubadilishia nguo. Ninachoogopa ni weye."

"Mimi?"

"Kwamba utakuwa unamtazama huyo mtoto na kumtafuta baba yangu ndani yake. Utamkosa. Kisha utanitazama miye."

Hilo lilimchoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Mueni alitaka kumwambia kwamba haitakuwa hivyo kamwe, kama wake wema wanavyosema, lakini walikuwa wamekwisha kudanganyana vya kutosha.

"Huenda nitamtafuta," alisema. "Mwanzoni. Sitakuficha. Lakini sikuolewa nawe kwa sababu ya baba yako, Sixte. Nilikubali kuolewa na mtu aliyenipa glavu zake akarudi nyumbani mikono mitupu katika baridi ile. Huyo nikimkosa ndiyo nitakuwa nimekosa."

Sixte akainamisha kichwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Mueni akahamia upande wake, akamkumbatia kwa tahadhari, kama mtu anayejua pale palipo na kidonda. Kwa mara ya pili tangu aolewe alimwona mumewe akilia, na safari hii hakula kiapo chochote. Alimshikilia tu.

"Kesho nitapiga simu," alisema sikioni mwake. "Nitawaambia Jumatano hatuji. Tutasubiri ile foleni nyingine. Hata ikiwa ndefu."

Sixte aliitikia kwa kichwa. Safari hii Mueni aliyatazama macho yake kwanza, akahakikisha.

Kengele ya treni ikalia. Milango ilikuwa karibu kufungwa. Hapo Mueni akasimama ghafla, akamvuta mumewe mkono, wakashuka kwenye jukwaa, na treni ikaondoka bila wao.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa shangazi. Kuna kitu nilimpa ambacho hakikuwa changu."

Sixte akasema aachiwe yeye, ni damu yake, atamweleza. Mueni akakataa. Yeye ndiye aliyemtia bibi yule ndoto, na hangemtuma mwanaume mwenye maumivu akaivunje kwa niaba yake. Alimwambia asubiri chini asipande tena zile ngazi. Sixte, kama kawaida yake, hakusikia.

Concessa alikuwa akiosha vyombo. Alimwona Mueni mlangoni na koti lake, macho mekundu, akazima bomba. Mueni alimwomba aketi. Akapiga magoti kwenye zulia mbele yake, pale pale ambapo bibi huyo alikuwa akimwona mtoto akitambaa, akaishika mikono yake iliyolowa povu.

"Shangazi, nilikuahidi jambo bila kumuuliza mwenye baba," alisema. "Misigaro harudi. Mimi ndiye niliyekosea. Sixte hapasuliwi Jumatano. Tutapata mtoto kwa ile njia nyingine, Mungu akipenda. Sitakuficha wewe na hatutamficha mtoto."

Mueni alisubiri kufukuzwa. Alikuwa tayari kufukuzwa. Concessa alikuwa akimtazama bila kupepesa, na machozi yakamtiririka bila sauti, mpaka kidevuni, mpaka kwenye kitenge. Alimlilia kaka yake upya siku hiyo, na ni Mueni aliyemfufua na ni Mueni aliyemzika.

"Nilijua hatufanyi hivyo," alisema baadaye sana. "Kwetu hatufanyi. Nilijua. Lakini nilipenda kusikia mtu akilisema jina lake."

"Tutalisema. Tutamwambia mtoto habari zake zote."

Bibi akaitoa mikono yake mikononi mwa Mueni, naye Mueni akadhani ndiyo basi. Lakini alikuwa akitafuta tu ncha ya kitenge ajipanguse uso. Akavuta pumzi. Akautazama ugali uliobaki mezani, akautazama mlango, kisha akamrudia mkaza mwana wake.

"Sasa huyo mtoto," aliuliza, kwa ile sauti yake ndogo, "ataitwa nani?"

Mueni hakugeuka. Hakuwa na haja. Alikuwa amekwisha kusikia ngazi zikipandwa polepole, na pumzi za mtu aliyesimama kizingitini.

"Mimi sijui, Shangazi," alisema. "Muulize baba yake."